SAR, shotigani au gobore? Soma kwanza kabla hujamtumia hela mtu wa ziwani

Huku Ufipa baridi imeshika adabu, mahindi yamekauka shambani na wanunuzi wameanza kushuka vijijini na mabunda yao. Ni msimu wa hela, na msimu wa hela huwa unakuja na maswali yake.

Dogo mmoja ninayemfahamu, ananunua mahindi na maharage upande wa Laela na kule bondeni Muze na Mtowisa, alinikuta kafe wiki iliyopita. Akavuta kiti, akashusha sauti, akanionyesha picha kwenye simu. Bunduki imelazwa juu ya kiroba. "Kaka, hii ni SAR. Nusu otomatiki, ya kiraia kabisa, siyo ya jeshi. Mtu wa ziwani anaiachia pamoja na magazini mbili na risasi zake. Wewe mambo haya unayasoma. Nichukue hii au nihangaike na shotigani?"

Nikamuuliza, magazini mbili za nini? Akashangaa. Za bunduki kaka, za nini tena.

Hapo nikajua huyu dogo hajui anachouziwa. Na anayemuuzia ama hajui, ama anajua sana. Ngoja nieleze, maana hili swali la "ipi kali" naona siyo lake peke yake. Kila nikikaa kafe nawaona washkaji wamevaa visikilizio wanaangalia video za Wamarekani wakilinganisha bunduki kama sisi tunavyolinganisha simu. Hii nyepesi, ile haikwami, hii risasi zake bei poa. Sina ugomvi na kuangalia video. Ugomvi wangu unaanza pale mtu anapotoka kwenye video akaingia kwenye mchongo.

Tuanze na hiyo SAR. Ile tunayoijua Tanzania, iliyozoeleka mikononi mwa polisi na mgambo kwa miaka mingi, asili yake ni SKS ya Kirusi, aliyoibuni Simonov miaka ya 1940. Wachina wakaanza kuitengeneza wenyewe mwaka 1956 wakaiita Type 56. Ina kitako cha mbao, mtutu mrefu, na mara nyingi singe inayokunjwa chini ya mtutu. Sasa sikiliza vizuri. SAR ya kawaida haina magazini ya kuchomoa. Sanduku lake la risasi limefungwa humo humo kwenye mwili wa bunduki, linabeba risasi 10, na unazishindilia kutokea juu. Kwa hiyo mtu akikuuzia "SAR na magazini mbili za ziada" ni sawa na kukuuzia baiskeli na tairi mbili za akiba za trekta.

Bunduki yenye magazini ya kuchomoa, iliyopinda kama ndizi, ya risasi 30, sisi huku tunaiita SMG. Wengine wanaiita AK. Na kuzidisha mkanganyiko, Wachina nayo waliipa jina lile lile, Type 56. Hiyo ina kiswichi pembeni, ukiweka huku inatoa moja moja, ukiweka kule inamwaga. Picha ya dogo, kwa jinsi nilivyoiona, haikuwa SAR. Ilikuwa SMG iliyobatizwa jina la upole ili mnunuzi asiogope.

Na hilo neno "nusu otomatiki" linawazuga wengi. Maana yake ni kwamba unavuta kifyatulio mara moja inatoka risasi moja, kisha bunduki yenyewe inatupa ganda na kupandisha risasi inayofuata. Hukoki tena kwa mkono. Ukitaka nyingine unavuta tena. Otomatiki kamili wewe unashikilia tu. Tofauti ya hizo mbili ni vipande vichache vya chuma huko ndani. Ndiyo maana duniani kote watunga sheria wamehangaika na hiyo kauli ya "ya kiraia", kwa sababu kwa macho, kwa uzito, na kwa risasi inayotoka, ya kiraia na ya jeshi ni ndugu wa tumbo moja.

Chukua hiyo AR-15 mnayoiona kwenye video. AR ni kifupi cha ArmaLite, kampuni iliyoibuni mwishoni mwa miaka ya 1950, mhandisi akiwa Eugene Stoner. Jeshi la Marekani likapata M16, raia wakauziwa ile iliyoondolewa uwezo wa kumwaga. Mwaka 1994 Marekani wakapiga marufuku nyingi za aina hiyo, wakazitaja kwa majina na kwa vikorokoro vyake, kwamba yenye kishikio cha namna fulani na kitako cha kukunja haitakiwi. Viwanda vikafanya nini? Vikaondoa vikorokoro, vikaendelea kuuza. Septemba 2004 sheria ile ikaisha muda, haikuongezwa. Australia walikwenda njia nyingine. Baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur mwaka 1996 walizipiga marufuku raifoli za nusu otomatiki kwa raia wa kawaida, na serikali ikanunua na kuharibu bunduki zaidi ya 600,000. New Zealand, baada ya msikiti wa Christchurch na ule wa pili kushambuliwa Machi 15, 2019 na watu 51 kufa, haukupita mwezi bunge lao likapitisha marufuku.

Na sisi je? Wengi hamjui kwamba sisi tulishasema neno letu kabla. Aprili 21, 2004, pale Nairobi, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Tanzania ikiwemo, zilitia saini Protokali ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo. Mojawapo ya ahadi zilizomo ni kwamba nchi zitaweka kwenye sheria zake katazo la raia kumiliki raifoli za otomatiki, za nusu otomatiki na bunduki za rashasha. Katazo kamili, siyo kupunguza. Angalieni mwaka. Wamarekani wamefungua mlango Septemba 2004, sisi Aprili ya mwaka huo huo tulikuwa tumeahidi kuufunga. Kwa hiyo zile video zinalinganisha bidhaa za duka lililoko nchi nyingine. Ni kama kulinganisha treni za Japan ukiwa stendi ya Sumbawanga unasubiri Hiace ya Matai.

Kihalali mwananchi wa huku anaishia kwenye vitu viwili, na bastola kwa wachache wenye biashara kubwa.

Cha kwanza ni shotigani. Ya mtutu mmoja, ya mitutu miwili, au ya pampu ambayo unavuta mkono wa mbele kwenda na kurudi. Nyingi ni za geji 12. Katriji yake inabeba ama marisau madogo mengi ya ndege na sungura, ama gololi chache kubwa za nguruwe pori. Haifiki mbali, na kwa mkulima hiyo ndiyo sifa yake, siyo kasoro. Bondeni huko nyumba na mashamba vimechanganyikana, watoto wamelala shambani wanafukuza ngedere. Marisau yakikosa yanachoka haraka na kuanguka. Risasi ya raifoli ikikosa nguruwe inaendelea na safari yake hadi ikutane na kitu.

Cha pili ni raifoli ya kukoki kwa mkono, risasi moja kila ukikoki. Hizi ndizo za wawindaji wenye vibali na maofisa wanyamapori. Kuna za kaliba kubwa kama .375 na .458, hizo ni za tembo na nyati, na ndizo zinazowapeleka majangili pabaya pia. Kumbukeni nchi hii ilikuwa na tembo wapatao 109,000 mwaka 2009, na sensa ya 2014 ikakuta kama 43,000. Sasa ukiwa na .375 isiyo na maelezo, halafu unaishi kati ya Hifadhi ya Katavi, Pori la Lwafi na bonde la Ziwa Rukwa, nani atakuamini kwamba ni ya kulinda maharage?

Nikamwambia dogo, swali lako la bunduki limeishia hapo. Swali gumu ni la risasi, na hilo hujaniuliza.

Wauzaji wa vichochoroni wanasema tu "risasi za 7.62" kana kwamba ni misumari. Hakuna risasi moja ya 7.62. Ya SMG na SAR ina ganda fupi la milimita 39. Ya G3 na FN ina ganda la milimita 51, ndefu zaidi na yenye nguvu zaidi, na haziingiliani hata kidogo. Ile Mark IV ya Mwingereza, ambayo wazee wa mgambo wanaikumbuka, ilikula .303, kitu kingine kabisa. Hizi zote ni risasi zenye asili ya majeshi. Huzikuti kwenye duka la silaha za kiraia umepanga foleni na leseni yako ya shotigani. Ukizipata, ujue zimetoka kwenye ghala la mtu, au zimevuka ziwa baada ya vita za Kongo za 1996 na 1998 na zilizofuata. Na kitako cha kila ganda, pale pini inapogonga, kwa kawaida kina alama za kiwanda na mwaka. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaofuatilia silaha Kongo wanaishi kwa kusoma hizo alama. Wewe unadhani umenunua risasi, kumbe umenunua barua yenye anwani ya mtumaji.

Halafu kuna hili watu hawalijui kabisa. Kisheria risasi ni kosa linalojitegemea. Ukikutwa na bunduki na risasi bila leseni, hati ya mashtaka inakuja na makosa mawili. Ukikutwa na risasi tu, bunduki umeitupa ziwani, bado una kosa moja zima. Ile tabia ya vijana kuokota risasi na kuitundika shingoni kwenye cheni... jamani, iacheni.

Tuje kwenye sheria yenyewe, nitaenda haraka. Inayotumika ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Haiko kwamba una hela basi unanunua. Unaanza kwa barua ya kijiji au mtaa wako, watu wanaokujua kama wewe ni mgomvi au mlevi. Maombi yanapita polisi wilaya na kamati za ulinzi na usalama, yanapanda mkoani hadi makao makuu ya polisi. Wanachukua alama za vidole, wanaangalia rekodi yako, akili yako, sababu yako, pa kuitunzia, na unatakiwa uwe na cheti cha umahiri kuonyesha umefundishwa kuishika. Kibali kikitoka ndipo unaenda kwa muuzaji mwenye leseni, na risasi unauziwa za bunduki iliyoandikwa kwenye kitabu chako tu. Mwenye leseni akifa, bunduki hairithiwi kama ng'ombe. Inapelekwa polisi, na mrithi anaomba upya kwa jina lake. Familia ngapi hapa mkoani zina bunduki ya marehemu imefungwa kwenye gunia juu ya dari, wanadhani kitabu cha baba bado kinawalinda?

Ni njia ndefu, sikatai. Inachosha, na mtu wa Wampembe akiambiwa aende Namanyere, arudi, aende Sumbawanga, arudi, nauli peke yake inamkatisha tamaa. Lakini ndiyo njia iliyopo. Nyingine inaishia kwenye namba moja ambayo nataka muishike: 20.

Kupatikana na silaha au risasi bila leseni kumewekwa kwenye jedwali la Sheria ya Uhujumu Uchumi. Na tangu marekebisho ya mwaka 2016, anayetiwa hatiani chini ya sheria hiyo adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 20, kisichozidi 30. Kisichopungua. Hakimu hata akikuonea huruma, mikono yake imefungwa. Dogo ana miaka 24. Nilimfanyia hesabu pale pale kwenye kikokotoo cha simu, akanyamaza.

Sasa hapa ndipo na mimi ninapokuwa na ugomvi na sheria, na naomba mnisikilize kabla hamjanirukia. Nani hasa anafungwa hiyo miaka 20 huku kwetu? Fungueni TanzLII, haina malipo, msome hukumu za Mahakama Kuu Kanda ya Sumbawanga, inayohudumia Rukwa na Katavi. Tafuteni neno "gobore" na hata "gobole", maana karani mmoja anaandika hivi mwingine vile. Mtakutana na wanakijiji. Bunduki ya mtutu wa bomba, ya kujazia baruti kwa mbele, inayotoa mlio mmoja halafu unakaa dakika nzima unaijaza tena, na katika mvua haiwaki. Hiyo nayo ni silaha mbele ya sheria, sawa sawa na SMG ya risasi 30. Wengine wanashinda rufaa, mara kwa makosa ya hati ya ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka, mara kwa sababu polisi hawakuweza kuonyesha kielelezo kilipita mikono ya nani na nani. Wanashinda wakiwa wameshakaa ndani miaka.

Na gobore halikuanguka kutoka mbinguni. Lilikuja huku na misafara ya pembe za ndovu karne ya 19. Kisha mwaka 1890 wakubwa wa Ulaya wakakaa Brussels wakatia saini mkataba wao, wakakubaliana kwamba bunduki za kisasa zisiuzwe katika ukanda mkubwa wa Afrika, Ufipa ikiwemo, ila zile za zamani za gumegume zisizo na mikunjo ndani ya mtutu ziruhusiwe. Walijua wanachofanya, wao wabaki na za kisasa, sisi tubaki na moshi. Na huku ukutane na nchi ya wahunzi. Wafipa walikuwa wanayeyusha chuma kwenye malungu, matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, wanafua majembe yaliyofika mbali. Mtu wa ukoo wa namna hiyo ukimpa bomba na kitako cha mti usishangae akijua la kufanya. Ndiyo maana gobore limebaki kwenye uvungu wa vitanda vya wazee zaidi ya miaka mia moja. Kwa mzee wa bondeni ni kifaa cha shamba kama panga.

Simtetei jangili. Gobore limeua tembo, na limeua watu pia, tena kwenye ugomvi wa pombe na wa tuhuma za uchawi, na mji huu jina lake tu Sumbawanga linamaanisha tupa uchawi, mnajua wenyewe. Ninachosema ni kwamba sheria inaweza kutofautisha. Kenya sheria yao ya silaha inazitaja AK 47, G3 na MP5 kwa majina na kuzipa adhabu nzito kuliko bunduki nyingine. Kwa nini sisi tushindwe kumtofautisha mzee wa gobore moja la kufukuzia nguruwe na mtu anayevusha SMG kumi kwa boti usiku? Wote hao kuwapa miaka 20 maana yake mzee ameonewa, na huyu wa boti amepunguziwa.

Tulishaonja upande mwingine wa ukali usiochagua. Oktoba 2013 ilikuja Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili. Lengo zuri kabisa. Novemba 1 ikasimamishwa baada ya wabunge kueleza jinsi raia walivyopigwa na kuteswa, na Desemba mawaziri wanne wakaondoka kwenye viti vyao. Kijijini watu walijifunza nini? Siyo kusalimisha gobore. Walijifunza kulifukia kina zaidi.

Na mlango wa kusalimisha upo. Umoja wa Afrika uliufanya mwezi Septemba kuwa mwezi wa msamaha wa silaha, na Tanzania imekuwa ikitangaza vipindi vya kusalimisha kwa hiari kuanzia mwezi huo. Unapeleka polisi au ofisi ya serikali ya mtaa, kijiji, na ndani ya muda uliotangazwa hushtakiwi kwa kuwa nayo. Kama kwenu kuna ya marehemu babu, kaeni kikao cha familia kabla ya Septemba, msingoje tangazo liwakute mnagombana nani aibebe. Msibebe kimya kimya nje ya muda, mkakutwa njiani. Ukweli wa "nilikuwa naipeleka" ni mgumu sana kuuthibitisha ukiwa umeshafungwa pingu.

Turudi kwa dogo, maana shida yake ni ya kweli. Anashuka bondeni na milioni kadhaa kwenye begi kwa sababu mkulima wa Mtowisa anataka hela mkononi, na wakala wa kijijini ukimwomba floti ya kiasi hicho anakuangalia kama umechanganyikiwa. Njia ya milimani ile ya Lyamba lya Mfipa, kona na msitu. Akisimamishwa na watu wenye bunduki, unamlaumu vipi akitaka ya kwake?

Lakini hebu fikiri naye hatua kwa hatua. Watu watatu wanakuja umelala kwenye fuso juu ya magunia, hujui wanatokea upande gani. Bunduki yako iko chini ya kiti. Unafika kwake saa ngapi? Na wakishajua kwamba fulani ana bunduki, na kijiji kizima kitajua, umeongeza sababu ya kuvamiwa. Siyo hela tu sasa, ni hela na bunduki. Julai 12, 2015 majambazi walivamia kituo cha polisi Stakishari, Dar es Salaam, wakaua polisi wanne na raia watatu, wakaondoka na silaha. Kituo cha polisi hicho, chenye askari waliofundishwa. Mwaka mmoja kabla, Ushirombo, kituo kilivamiwa hivyo hivyo na askari wawili wakafa. Ikiwa bunduki inawavutia hadi pale, kwenye fuso ya mahindi wewe ni nani?

Nilimwambia ninachokiona wanunuzi wenzake wanaodumu wakifanya. Wanashuka wawili watatu kwa pamoja. Wanamlipa mkulima nusu kwa simu siku moja kabla ili waonekane hawana kitu mkononi. Wanabadilisha siku ya kushuka, haiwi kila Jumatano ya gulio. Wakala wa Muze anaambiwa mapema, akusanye floti kwa siku tatu. Siyo mambo ya kwenye video, hayana mlio. Na kama bado anataka bunduki, aombe shotigani kwa jina lake, aanzie kwa mwenyekiti wa mtaa wake. Hata kama itachukua mwaka.

Akaniuliza swali la mwisho ambalo sikulitegemea. "Kaka, na kama mtu alikuwa ameshatanguliza kidogo?"

Kumbe alikuwa ameshatuma laki mbili. Kwa simu. Kwa laini iliyosajiliwa kwa jina lake, kwenda namba ya mtu ambaye siku akikamatwa, simu yake ndiyo itafunguliwa ya kwanza. Picha anaweza kuifuta, na ameifuta mbele yangu. Muamala haufutiki. Nimempeleka kwa mtu anayejua sheria amweleze aseme nini na wapi kabla hajatafutwa, na hizo laki mbili nimemwambia ahesabu zimekwenda.

Naomba mwenye uzoefu wa karibuni wa kuomba leseni ya shotigani kupitia Kalambo au Nkasi atuambie ilichukua miezi mingapi na alikwamia ofisi gani. Majina ya watu msiweke.